Nyayo Juu ya Malisho

Arobaini ya Makame ilikuwa jana, na leo ng'ombe wake walikuwa wakilia njaa. Kibibi, mjane wake, alisimama na jembe mbele ya shimo la sileji, malisho ya kuvundikwa ya ng'ombe. Wiki ile ile aliyofariki, Makame alilijaza mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa, akayashindilia kwa miguu mitupu, akayafunika kwa nailoni na udongo.

"Fungua, wifi," alisema Mwanaidi, dada wa marehemu. "Yameshaiva. Alikuwekea wewe."

Kibibi aliondoa udongo, akafunua nailoni. Harufu tamu yenye uchachu ikampanda puani. Kisha akaziona nyayo: za kushoto nzima, za kulia vidole tu, maana Makame alikuwa akichechemea tangu utotoni. Zilikwenda hadi katikati ya shimo, zikakoma. Za kurudi hazikuwepo.

"Chota basi," wifi alihimiza. "Hewa ikishaingia yataoza."

Kibibi alivua kandambili, akashuka, akakanyaga pale pale zilipokomea.

Palikuwa na joto. Na kule zizini ng'ombe wakanyamaza wote kwa pamoja, kama walivyokuwa wakinyamaza kila walipomwona Makame anakuja.