Kopo la Farasi Mwekundu

Kopo la biskuti halikuonekana. Sorcha alipekua kabati la vyombo, akainama uvunguni mwa meza, akapanda kiti kuchungulia juu ya rafu, wapi. Lilikuwa kopo la marehemu mama mkwe wake, lenye picha ya farasi mwekundu, limebonyea kwenye kona. Kila Krismasi biskuti za nyumba hiyo zilikaa humo.

"Colm, kopo la mama yako umeliona?"

"Limechoka kukaa na wewe, limetoroka," mumewe alijibu kutoka chumba cha mbele, alikohamishiwa kitanda tangu miguu ilipokataa ngazi mwezi uliopita. Kisha akakohoa, akakohoa tena. Sorcha alisimama na unga mikononi mpaka kikohozi kikatulia.

Mwishoni mwa kiangazi daktari alimwita pembeni akamwambia ukweli: Colm hatauona mwaka mpya. Sorcha aliumeza ukweli huo peke yake. Kwa mumewe alisema ni kifua tu, kitapona baridi ikipungua. Tangu hapo alikuwa akilia bandani kwa ng'ombe, ananawa uso, anarudi ndani akitania.

Ndiyo maana leo ilikuwa lazima aoke. Katika vijiji vile vya Roscommon, huko Ayalandi, nyumba iliyofiwa haioki Krismasi ya kwanza. Majirani ndio huiletea biskuti. Colm alilijua hilo tangu utotoni. Basi akisikia harufu ya siagi na shayiri, angeamini kwamba hii ni Krismasi kama nyingine zote. Sorcha aliuacha mlango wa jikoni wazi makusudi.

"Mama wee, unaoka au unachoma nyumba?"

"Nachoma. Si wewe unazipenda zilizoungua?"

"Nitafanyaje, ndizo nilizolishwa miaka yote. Hebu njoo ushushe pazia, jua linanipiga machoni."

Alikwenda mbio, akashusha pazia, akamwinua kidogo kumtengenezea mto. Alikuwa mwepesi mno. Roho ilimuuma, lakini akamchekea, akakimbilia jikoni kuziwahi biskuti.

Alikuwa anazipanga kwenye sahani mlango wa nyuma ulipofunguliwa. Attracta, jirani wa ng'ambo ya barabara, aliingia na koti lake jeusi la kanisani, macho yamevimba, amekumbatia kitu kilichofunikwa taulo.

"Pole, shoga yangu," alisema. "Ameondoka saa ngapi?"

"Nani ameondoka?"

"Nimeona pazia la mbele limeshushwa."

Sorcha aliiweka sahani chini. Kule pazia la mbele halishushwi mchana ila pakiwa na maiti ndani, naye kwa haraka zake hakufikiri. Alimvuta Attracta hadi kwenye kona ya mbali na mlango.

"Punguza sauti," alimnong'oneza kwa hasira. "Yuko hai. Ni jua tu lilikuwa linamsumbua. Colm hajui kitu, na akikuona na hilo koti utamuua kabla ya siku yake."

Attracta alitaka kurudi alikotoka. Alijaribu kukificha alichobeba nyuma ya koti, lakini taulo liliteleza likaanguka. Lilikuwa kopo, limejaa biskuti mpaka kifuniko hakifungi. Pembeni yake palikuwa na farasi mwekundu, na kona moja ilikuwa imebonyea.

"Hilo ni kopo langu," Sorcha alisema taratibu. "Umelitoa wapi?"

Attracta alitazama chini. Machozi yalikuwa yakimdondokea juu ya kifuniko.

"Aliniletea Colm mwenyewe, wakati wa kuvuna viazi, angali anatembea," alisema. "Akaniambia, 'Krismasi hii Sorcha hataoka. Umjazie hili. Ila chonde, asijue kwamba najua.'"