Askari Walioshiba

Watu walinong'ona kwamba dawa mpya ya uvimbe ni mchanga uliosagwa, na mchanga ukishaingia kwenye damu hautoki. Maneno hayo yalimganda Somoe. Basi asubuhi ya sindano akamnywesha mwanawe Hidaya, mwenye uvimbe, mwarobaini mchungu, ili askari wa damu waamke wamlinde.

Baada ya sindano, daktari alitoa damu kidogo, akamwita Somoe kwenye darubini.

"Tazama, mama. Hawa weupe ndio askari wa mwili. Dawa ilitakiwa iwapite, ifike kwenye uvimbe."

Somoe akainama. Askari walikuwa wamevimba, matumbo yamejaa nukta zinazong'aa, na bado walikuwa wanameza.

"Wamekula dawa yote?"

"Karibu yote. Sijapata kuona. Ulimpa kitu kingine?"

"Hapana."

"Mama," Hidaya aliita kitandani, "mbona damu yangu inatembea?"

"Basi tuongeze dozi," daktari akasema, akivuta dawa kwa bomba la pili la sindano.

Wewe mwenye mtoto, usimnyweshe kitu kabla ya sindano.

Ukimnywesha, usifiche.

Ukiona bomba la pili linajaa, usinyamaze.