Bakuli la Bi Mwanakheri

Mji ule uliwatoza wageni wenye kipato kikubwa kodi ndogo sana, mradi waishi humo zaidi ya nusu ya mwaka. Mhandisi Shaweji alimpokea mkaguzi wa kodi bila wasiwasi. Mkataba wa nyumba ulikuwa mezani, pamoja na bili za umeme.

"Naishi hapa, mama. Hata majirani wananijua."

Hodi ikapigwa. Jirani yake, Bi Mwanakheri, akaingia na bakuli lililofunikwa kwa sahani.

"Afadhali leo nimekukuta, baba. Bakuli lako hili, uliniletea tambi Ramadhani. Sirudishi chombo kitupu, basi kila Ijumaa napika, napiga hodi, naishia kula mwenyewe."

Mkaguzi akafungua kalamu. Shaweji akalipokea bakuli kwa mikono miwili. Lilikuwa bado la moto.