Uzi Ndani ya Mlima

"Tukate kushoto, Bi Nyamizi," alisema Mavura, msimamizi wa wachimbaji. "Wenzetu wanagonga kushoto. Kila mtu hapa anawasikia."

Nyamizi, mpima ardhi, naye alikuwa anawasikia. Handaki la maji lilichimbwa kutoka pande zote mbili za mlima, na wachimbaji walizoea kugonga mwamba na kufuata mlio wa wenzao. Lakini wakipishana humu ndani, mji ungekaa kiangazi kingine bila maji.

Alitazama uzi uliofungwa juu, kwenye paa la handaki, kuonyesha njia. Uelekeo wake aliupata kileleni, mahali pekee ambapo midomo yote miwili ya handaki inaonekana. Alisoma uelekeo wa kila mmoja kwenye dira, akapima umbali wake, na hesabu ya pembetatu ikampa upande wa tatu, ule unaopita ndani ya mwamba, ambao hakuna jicho lililowahi kuuona.

"Mwamba hupotosha sauti," alisema. "Fuateni uzi."

Mavura alitema mate viganjani. "Haya, mama. Tukipotea, tumepotea na wewe."

Wakachimba. Mlio uliendelea kushoto, kisha ukakoma kabisa. Nyamizi alifumba macho.

Sururu ikazama mpaka kwenye mpini. Mavura aliichomoa taratibu, na upepo wa baridi ukapita tunduni, ukautikisa uzi. 

Kisha mkono uliojaa vumbi ukapenya kutoka ng'ambo, umeshika ncha ya uzi mwingine, ukipapasa gizani kuutafuta uzi wa Nyamizi.