Kambale Mwenye Mayai

Mwaka wa 1984 mto Tiva ulibaki dimbwi moja tu. Kavata alichimba kisima mchangani kando yake, na debe lilipojaa nusu akaona dimbwi nalo limeshuka. Migongo ya kambale ilikuwa nje ya maji, midomo ikihema.

"Kamata huyo mkubwa," mama mkwe wake akasema. "Watoto walilala njaa."

Akamkamata. Tumbo lilikuwa gumu, na mayai ya kijani yakamganda kwenye kidole gumba.

"Mama, ana mayai. Na haya maji hayafiki kesho."

"Basi tumpike leo."

Kavata akamtumbukiza ndani ya debe.

"Unampeleka wapi?"

"Silanga ya Kwa Vonza, lile bwawa la kuchimbwa. Bado iko na maji."

"Na ikikauka nayo?"

Kavata alikuwa ameshajitwika debe.