Kifungu cha Arobaini na Moja

"Kifungu cha arobaini na moja?" dada wa kazi aliuliza, pasi ikifuka mvuke juu ya shati la bosi.

Binti wa bosi alikuna kichwa. "Mwajiri... ah, nimesahau."

"Umesahau au hujasoma? Rudia."

Ilikuwa hivyo kila alasiri. Binti alikuwa ameufeli mtihani wa uwakili mara mbili. Dada, aliyekuwa mwalimu wa sekondari kwao kabla ya kuvuka mpaka kutafuta kazi, alianza kwa kumshikia vitabu tu. Halafu akavisoma mwenyewe. Sheria hizi za ugenini zilimshangaza. Kumbe hata mfagiaji alikuwa na haki ya siku ya mapumziko, na kwa kifungu cha arobaini na moja hakuna mwajiri aliyeruhusiwa kumshikilia mtu pasipoti.

Ya kwake ilikuwa imefungiwa kabatini kwa bosi, mwaka wa tatu sasa. Mama yake aliugua kule kwao mpaka akazikwa, naye, asiweze kusafiri, akamlilia jikoni.

Siku moja bosi alimkuta ameinamia kitabu.

"Wewe na sheria wapi na wapi? Unataka kunishtaki?" Akacheka mpaka kitambi kikatikisika.

"Ninaishi chini yake, bosi. Acha niijue."

"Jua kufagia."

"Kufagia najua."

Bosi alimpokonya kitabu, akakitupa mbele ya binti yake. "Na wewe usimtie kiburi huyu!"

"Sawa, baba," binti alijibu bila kuinua macho.

Kesho yake dada alikifungua tena, palepale sebuleni, mchana kweupe. Safari hii alisoma kwa sauti.

Mara ya tatu binti alifaulu. Bosi alialika nusu ya mtaa, akajigamba: "Sasa nina wakili wangu nyumbani! Atakayenichokoza ajiandae." Dada alipitisha vinywaji, uso mkavu.

Mwezi uliofuata, wakili mpya alisimama mahakamani na kesi yake ya kwanza. Joho lilimpwaya mabegani, lakini sauti haikutetemeka. Jaji alimuuliza anamwakilisha nani.

"Mlalamikaji, mheshimiwa. Mfanyakazi wa ndani, huyu hapa kando yangu."

"Na mlalamikiwa?"

"Yule pale," alisema. "Baba yangu."