Kikombe cha Kulinganishia

Fardowsa alichovya karatasi ya kupimia katika kikombe cha tatu cha maziwa ya mbuzi, akangoja. Ilibaki nyeupe kama mbili za mwanzo: dawa hamna.

"Na huyu naye kalala!" alifoka.

Mbuzi wote wa banda hili la kisiwa cha Kudha walitiwa jeni ileile kabla ya kuzaliwa, ili maziwa yao yatoe dawa ya kugandisha damu. Jeni wanayo. Lakini kwa huyu ilifanya kazi wiki mbili ikanyamaza, na kwa yule haikuwahi kuamka. Na kule Kismayo, mwanawe Fardowsa, Walidi, aling'oka jino Ijumaa, akatokwa na damu hadi Jumapili.

"Tusubiri wazae tena, dada," alisema Nassor, mchungaji.

"Kamwambie Walidi asubiri!"

Karatasi ya nne, nyeupe. Ya tano, nyeupe. Fardowsa aliipiga ndoo teke, mbuzi wakarukiana ukutani.

Kilibaki kikombe cha kulinganishia. Hicho kilikuwa cha maziwa ya kununua kijijini, ya mbuzi wa kawaida wasio na jeni hiyo. Karatasi yake lazima ibaki nyeupe. Aliichovya huku akitazama kwingine.

Ikawa nyekundu. Hakuwahi kuona nyekundu kama ile.

"Umechanganya vikombe!"

"Mimi si mchu wa kuchanganya vikombe." Nassor alimkazia macho. "Miaka yote hii nakukamulia. Nitukane kwa jingine, si kwa hilo."

Fardowsa akachovya karatasi mpya. Nyekundu.

"Maziwa haya ya nani?"

"Ya jirani, Bimdogo. Mbuzi wake mweusi kazaa juzi."

"Alimnunua wapi?"

"Anunue wapi? Kazaliwa palepale kwake. Beberu si nilimpelekea mimi?"

Fardowsa alianza kufunika vikombe, kimoja kimoja, meno kayauma.

"Beberu gani, Nassor? Mabeberu wetu waliozidi nilikuagiza uwachinje na kuwafukia, jeni isitoke nje ya banda."

"Kufukia nyama ya halali, dada? Dhambi hiyo angeibeba nani?" Nassor aliinua ndoo iliyopinduka, akaifuta kwa kikoi. "Niliwatoa sadaka, wazima. Kesho tukitoka mapema tutamaliza nyumba za Kudha nilizowagawia. Visiwa vya Ngumi na Darakasi itabidi kesho kutwa."